Jinsi ya kulichambua jina la Kiebrania cha kale

Majina mengi ya Waisraeli wa kale ni sentensi nzima. Mzazi aliomba, akashukuru au akalia, na maneno yake yakawa jina la mtoto. Ninapofundisha Kiebrania cha Agano la Kale huanza na majina, maana mwanafunzi huja akiwa anayajua tayari.

Hatua ya 1: Rudi kwenye umbo la Kiebrania

Musa, Daudi, Sulemani na Ayubu ni maumbo yenye sura ya Kiarabu. Kiebrania husema Moshe, Dawid, Shelomo na Iyyov. Isaya ni Yeshayahu, Yeremia ni Yirmeyahu. Andika konsonanti peke yake, kwa sababu ndizo zinazobeba maana.

Hatua ya 2: Tafuta jina la Mungu

Angalia mwanzo na mwisho. El, yaani Mungu, huonekana waziwazi: Eliakimu, Danieli, Ishmaeli. Yahu, ufupisho wa Yahwe, jina la Mungu wa Israeli, akiwa mwanzoni huwa Yeho- au Yo- (Yehoyakimu, Yonathani). Akiwa mwishoni, Kiswahili humwandika -ia au -ya. Usikimbilie kuhitimisha, lakini. Yona hana Yahu ndani yake, ni njiwa tu. Maria naye ni Miriamu.

Utamkuta Baali pia, mungu wa Wakanaani. Mwana wa Sauli anaitwa Eshbaali katika 1 Nyakati 8:33, ila 2 Samweli humwita Ishboshethi. Boshethi ni aibu, na wataalamu wengi wanaona kwamba waandishi wa baadaye waliona vibaya kuliacha jina la Baali. Vigae vyenye maandishi vya karne ya 8 KK, vilivyochimbuliwa Samaria mwaka 1910, vina majina ya Baali na ya Yahu bega kwa bega.

Hatua ya 3: Tafuta mzizi

Mzizi ni zile konsonanti, kwa kawaida tatu, zinazobeba maana ya neno. Hapa Mswahili ana bahati kubwa, na ningependa kila mwanafunzi wangu aitumie. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, nasi tumerithi mizizi mingi kupitia Kiarabu. Berekia ana b-r-k, mzizi wa baraka. Obadia ana ʿ-b-d (ʿ ni herufi ain), mzizi wa ibada na wa Abdalla, kwa hiyo ni mtumishi wa Yahu. Sedekia anashiriki mzizi na sadaka na kusadiki: Yahu ni haki yangu. Eliakimu ana q-w-m, kusimama, mzizi uliotupa kaimu na kiama: El husimamisha.

Kumbuka tu kwamba sauti huhama. Sh ya Kiebrania mara nyingi ni s ya Kiarabu, ndiyo maana Shelemia ni jamaa ya salama. Z huweza kuwa dh: Zekaria, Yahu amekumbuka, yuko pamoja na dhikiri.

Hatua ya 4: Unganisha

Mpangilio unaweza kugeuka bila maana kubadilika. Yonathani na Nethania wote ni “Yahu ametoa”. Katika 2 Wafalme 23:34 Farao Neko anambadilisha Eliakimu jina awe Yehoyakimu: kitenzi kimebaki kilekile, El ametoka na Yahu ameingia.

Usipomwona Mungu wala kitenzi, fikiria wanyama na mimea. Debora ni nyuki, Rakeli ni kondoo jike, Tamari ni mtende. Mwaka 1982 wachimbaji wa Yerusalemu walipata alama ya muhuri katika udongo, iliyoandikwa “Gemaryahu mwana wa Shafan”, majina tunayoyasoma pia katika Yeremia 36:10. Mwana ni sentensi, “Yahu ametimiza”. Baba ni pimbi, yule ambaye Biblia humwita wibari.

Hatua ya 5: Pima maelezo ya simulizi

Biblia mara nyingi hueleza jina kwa mfanano wa sauti. Kutoka 2:10 huhusisha Moshe na kitenzi cha kutoa majini, ilhali wengi huliona kama neno la Kimisri la “mtoto”, lililo pia katika majina ya mafarao kama Thutmose. Mama yake Samweli, aitwaye Hana, anasema amemwomba mwanawe kwa Bwana, lakini kitenzi cha kuomba, sh-ʾ-l, kinakaa sawasawa zaidi katika Sauli. Andika maelezo yote mawili: moja ni la isimu, jingine ni la msimulizi, naye alikuwa na sababu yake.

Anza mazoezi na Elnathani, Azaria, Elishama na Hanania. Kwa Elishama, msaada upo kwa Ishmaeli, katika Mwanzo 16:11.