Kabla mgonjwa wenu hajaanza dawa za saikosisi, ulizeni haya

Saikosisi ni ile hali ya mtu kusikia sauti au kuona vitu visivyokuwepo na kushika imani zisizo za kweli. Jina la dawa kwanza. Msitoke kliniki na "vile vidonge vyeupe vya usiku". Andikeni jina, miligramu na saa kwenye daftari, na daftari likae nyumbani. Mtajieni daktari kila anachotumia: dawa za presha, za kifafa, miti shamba. Mirungi nayo itajwe, haya wekeni kando. Mirungi humwaga dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, na dopamini ndiyo hasa inayozuiwa na dawa. Huku anameza, huku anatafuna, hela imepotea.

Halafu ulizeni: hii ni ya zamani au ya kizazi kipya? Si swali la kujifanya wasomi. Dawa za zamani, zilizoanza na klopromazini kule Paris mwaka 1952, kisha haloperidoli, kazi yake kubwa ni kuziba kipokezi cha dopamini (pale kwenye seli dopamini inapokaa) kiitwacho D2. Mpya, kama risperidoni, olanzapini na klozapini, nazo zinagusa D2, ila zinagusa pia vipokezi vya serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, na baadhi hazing'ang'anii. Fikirieni siti ya daladala: haloperidoli akikaa hanyanyuki hadi mwisho wa njia, klozapini anashuka baada ya vituo viwili na dopamini inapata pa kukaa.

Tatizo ni kwamba D2 hazipo sehemu moja tu. Zipo kwenye seli zinazohusika na zile sauti na hofu, zipo kwenye seli za striatamu (sehemu ya ndani ya ubongo) zinazopanga mwendo wa mwili, zipo kwenye seli za tezi ya pituitari zinazotoa homoni ya maziwa. Dawa ikimezwa haichagui pa kwenda. Picha za ubongo zilionyesha kwamba D2 zikizibwa kama asilimia 65 mgonjwa hupata nafuu, na zikipita kama 80 mwili huanza kukakamaa. Nafasi hapo katikati ni ndogo, kwa hiyo asiwepo shujaa wa kuongeza nusu kidonge nyumbani.

Na habari ya D2 haijaisha hapo. Striatamu ina seli zenye D2 na seli zenye D1, kipokezi kingine cha dopamini. Mwaka 2023 watafiti wa Northwestern University, Marekani, waliziangalia kwa panya wakaona dawa zenye nguvu zaidi ni zile zilizozirudisha seli za D1 kwenye hali yake, wala si zile zilizobadilisha seli za D2. Mkisikia mtu anasema dawa hizi zote ni kitu kimoja, mwacheni aseme.

Sasa la mwendo wa mwili. Hapa msiniruke.

Mtaani kwetu Tanga kulikuwa na kijana aliyechomwa sindano ya haloperidoli, akatulia, akarudishwa nyumbani na bahasha ya vidonge. Hakuna aliyeambiwa neno la ziada. Kesho yake jioni shingo ikapinda, macho yakapanda juu yakagoma kushuka, ulimi ukamtoka. Akili anayo, anasikia kila kitu, kusema hawezi. Nyumba ikajaa watu. "Hili si la hospitali," akasema bibi mmoja, "huyu kapandwa." Ubani ukafukizwa, bodaboda akatumwa kwa mganga. Bahati, shangazi yake aliyestaafu unesi akaingia, akauliza swali moja tu: "Kachomwa sindano gani?" Wakampakia kwenye bajaji hadi zahanati, akapewa promethazini, na haikupita nusu saa shingo ikarudi.

Hakukuwa na pepo. Kwenye striatamu, dopamini ndiyo inayozinyamazisha seli zinazotoa asetilikolini, kemikali nyingine ya ujumbe. D2 zikizibwa ghafla, seli hizo zinakosa wa kuzituliza, asetilikolini inazidi, misuli inavutwa. Dawa iitwayo benzeksoli inapunguza nguvu ya asetilikolini, ndiyo maana mara nyingi huandikwa pamoja na haloperidoli. Vijana wa kiume, siku za mwanzo, ndio hupatwa zaidi. Ulizeni mkiwa bado dirishani: benzeksoli ipo? Akipinda shingo usiku twende wapi?

Hasara yenyewe ilikuja baadaye. Mama yake alitupa vidonge vyote. "Dawa gani inampinda mtoto shingo?" Na nani wa kumlaumu? Miezi michache kijana akarudi kuzurura stendi akibishana na watu wasioonekana. Kupunguza dozi au kubadilisha dawa kungewezekana, ila kliniki hawakuulizwa.

Kuna na ile ya kutotulia: anakaa, anainuka, miguu haiachi kutembea. Watu hudhani ugonjwa umezidi wanaomba aongezewe dawa, kumbe dawa ndiyo inayomkimbiza. Semeni mlichokiona.

Dawa mpya nazo zina yake. Olanzapini na klozapini huziba pia vipokezi vya histamini, kemikali nyingine ya ubongo, njaa inakuwa haishi. Pimeni uzito, kiuno, sukari na mafuta kabla ya kidonge cha kwanza, la sivyo baadaye hamtajua kisukari kimeanza lini. Risperidoni ni mpya lakini huipandisha sana ile homoni ya maziwa: hedhi hukata, matiti hutoa maziwa. Kabla hamjaanza kumsema binti wa watu, mpelekeni kliniki.

Klozapini inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi; kule Finland mwaka 1975 iliua wagonjwa kwa njia hiyo. Kama maabara ya kupima damu mara kwa mara iko mbali nanyi, semeni mapema. Akipata homa au kidonda cha koo, damu ipimwe siku hiyo hiyo. Homa ikija na mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa, kwa dawa yoyote kati ya hizi, ni dharura, kimbieni. Akiacha sigara ghafla, daktari ajue, maana klozapini na olanzapini zitapanda kwenye damu. Asikatishe dawa kwa sababu amelala vizuri wiki mbili. Klopromazini na jua kali haviendani, avae kofia. Na vidonge vifungiwe kabatini, watoto huokota kila kitu.