Kuandaa kaiti ya kuteleza majini na kuirusha salama

Kaiti, yaani tiara kubwa ya kitambaa inayomvuta mtu aliye juu ya ubao majini, huwa hatari zaidi ikiwa bado iko mchangani. Majini ukivutwa vibaya, mara nyingi utalowa tu. Nchi kavu kuna mawe, miti, vyombo na watu. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye kazi ya ufukweni. Ni wa mtu aliyekwisha kufundishwa misingi. Kama hujawahi kushika kaiti, usianze peke yako, tafuta mwalimu.

1. Soma upepo kabla ya kufungua mfuko

Simama dakika kumi utazame maji. Upepo mzuri huvuma sambamba na ufukwe au huja kwa mshazari kutoka baharini. Upepo wa kutoka nchi kavu utakupeleka mbali na msaada, na ule unaokuja moja kwa moja ufukweni utakurudisha mchangani kwa nguvu. Upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, uwe wazi angalau mita 50, takriban urefu wa kamba mara mbili. Ukiona wingu jeusi linakuja, usiandae kitu.

Mtu wa kilo 75 kwa kawaida hutumia kaiti ya mita 12 za mraba upepo ukiwa kilomita 28 hadi 33 kwa saa, na ya mita 9 ukiwa 37 hadi 46. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, mvuto unakuwa mara nne. Ukisita kati ya kaiti mbili, chukua ndogo.

2. Jaza upepo

Tandaza kaiti chali, mbavu (mirija myembamba ya hewa inayotoka bomba la mbele kwenda nyuma) zikiwa juu, bomba kubwa la mbele likiuelekea upepo. Funga kamba ya pampu kwenye kaiti kabla ya kuanza kupampu, la sivyo upepo mmoja tu wa ghafla utaondoka nayo. Jaza hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kaiti yenyewe. Nyingi kubwa huhitaji psi (kipimo cha shinikizo la hewa) 6 hadi 7, ndogo zaidi ya hapo. Ligonge bomba kwa kidole: likilia kama ngoma, limejaa. Likitoa sauti ya mto wa pamba, ongeza. Kaiti laini hujikunja hewani na haitii baa, yaani fimbo unayoishika kuiongozea kaiti. Ukimaliza, bana vibanio vya mirija ya mbavu, ili ubavu mmoja ukitoboka hewa isitoke kote.

Sasa shika katikati ya bomba la mbele, igeuze kaiti ifudifudi, bomba bado likiuelekea upepo, kisha weka mchanga mwingi juu ya kitambaa, nyuma tu ya bomba. Konzi mbili hazitoshi. Kaiti isiyoshikiliwa vizuri ikiruka inaweza kumjeruhi mtu aliye mbali nayo.

3. Tandaza kamba

Hapa usiharakishwe na mtu. Weka baa upande unakotoka upepo na uzikunjue kamba hadi kwenye kaiti. Ukisimama penye baa, mgongo ukiupa upepo na uso ukitazama kaiti, ncha nyekundu ya baa iwe kushoto kwako. Wapo wanaotandaza kamba upande wa demani. Hapo, ukisimama penye baa na kuitazama kaiti, nyekundu huwa kulia. Wengi hukosea kwa kuchanganya njia hizi mbili. Chagua moja, uifuate kila siku.

Tembea kutoka kwenye baa hadi kwenye kaiti, kamba zikipita katikati ya vidole, ukizitenganisha. Zile mbili zinazotoka katikati ya baa ni za mbele, nazo hufungwa kwenye hatamu, yaani kamba fupi zilizoshonwa kwenye bomba la mbele. Zile za ncha za baa ni za nyuma, nazo huenda kwenye pembe za nyuma za kaiti. Kaiti nyingi zina fundo upande mmoja na kitanzi upande mwingine, ili za mbele na za nyuma zisibadilishane.

Kufunga ni hivi: ingiza vidole viwili ndani ya kitanzi cha kamba, vuta kamba yenyewe ipite humo iwe tanzi, livishe nyuma ya fundo, kaza. Tanzi likikaa juu ya fundo badala ya nyuma yake, litachomoka kaiti ikiwa hewani.

Rudi penye baa, inua kamba zote nne, ufuate kila moja kwa macho hadi mwisho wake. Kamba iliyopinda juu ya nyingine maana yake ni kaiti itakayozunguka bila kukoma mara tu ikiruka.

Mara kwa mara pima urefu pia: ning'iniza ncha zote nne kwenye kigingi kimoja, vuta baa hadi mwisho kuelekea kwako. Zote zikaze sawa. Kamba za mbele hubeba mzigo mkubwa, hivyo hurefuka. Za nyuma zikibaki fupi, kaiti huanguka kinyumenyume.

4. Jaribu kifyatuo

Kila siku, kabla ya kuruka, sukuma kifyatuo cha dharura, kile kinachokata mvuto wa kaiti, uone kinaachia, kisha ukirudishe. Chembe za mchanga na chumvi iliyokauka hukikwamisha. Tangu 2020 kuna kiwango cha kimataifa cha vifyatuo hivi, ISO 21853; ukinunua baa, ulizia kama inakidhi.

Hatua za dharura ni tatu, kwa mpangilio huu: achia baa; ikishindikana, sukuma kifyatuo, kaiti ibaki imeshikwa na kamba moja, ile ya usalama; ikiendelea kukuvuta, achia kamba ya usalama pia. Mwili ukiogopa hutaka kuivuta baa, na kuivuta huongeza nguvu. Zoeza mkono kuachia.

5. Kurusha

Msaidizi ashike katikati ya bomba la mbele, kaiti ikiwa imesimama kwa ubavu upande wa maji. Wewe simama ili kamba zikate upepo kwa pembe mraba. Kitambaa kikipigapiga, sogea kidogo unakotoka upepo. Kikijaa na kukuvuta, sogea demani. Kikitulia, tazama kamba mara ya mwisho, ndipo uinue dole gumba. Msaidizi aachie tu, asirushe, na asishike kamba hata moja.

Ipandishe polepole hadi usawa wa namba 11 au 1 kwenye uso wa saa (12 ikiwa utosini), upande wa maji. Usiiache utosini ukipiga soga ufukweni, maana upepo wa ghafla utakunyanyua. Ingia majini mara moja.

6. Kushusha

Gonga utosi wako kwa kiganja. Ni ishara ya kuomba kushushiwa. Shusha kaiti polepole kwa ubavu hadi msaidizi ashike bomba la mbele, kisha sogea kwake kamba zilegee kabla ya kujifungua ndoano ya mkanda wako. Rudisha mchanga juu ya kitambaa, kunja kamba kwenye baa kwa umbo la nane, na suuza kifyatuo kwa maji yasiyo na chumvi.