Stelingi ya pontuni imekuwa ngumu? Soma hapa kabla hujakimbilia haidroliki

Wadau, hii nawaandikia wenzangu wa Minnesota na majirani mlioanza kununua boti za pontuni, zile boti bapa zenye makochi na kivuli zinazokaa juu ya mapipa marefu ya alumini. Huku ndiko kwao hasa, mkulima mmoja anaitwa Ambrose Weeres ndo alizianzisha pale Richmond, Minnesota, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Yangu ni futi 22, injini ya nyuma yenye nguvu za farasi 115, stelingi ya kebo (waya mnene unaotoka kwenye usukani kwenda kusukuma injini), na mwaka juzi nikitoka ziwa Minnetonka nilikuwa nashuka bega linauma kama nimepiga makasia, maana ukiachia usukani sekunde mbili tu boti inakata kulia yenyewe.

Nikaingia madukani kutafuta haidroliki, yaani stelingi inayosukuma injini kwa oili badala ya kebo. Nilikosea kuanzia huko, ndo maana naandika.

Anza na kitu cha bure. Angalia juu ya propela, chini ya lile bapa la injini, kuna kipezi kidogo kimefungwa na bolti moja (injini nyingine hazina, zina kipande cha zinki tu kisicho na pezi). Propela nyingi zinazunguka kulia, kwa hiyo zinavuta injini upande mmoja, na kazi ya kile kipezi ni kusawazisha huo mvuto. Boti ikivuta kulia, legeza bolti, sogeza mkia wa kipezi kulia kidogo, kaza, nenda majini ujaribu. Ikivuta kushoto, sogeza kushoto. Kidogo kidogo, usigeuze kama unafungua bomba la maji. Mimi nusu ya maumivu ya bega iliishia hapo, na sikutoa hata senti.

Kama bado ni ngumu, jua kwanza ugumu uko wapi. Fungua kile chuma kinachounganisha ncha ya kebo na injini, halafu zungusha usukani. Ukizunguka kilaini, kebo yako ni nzima, tatizo liko kwenye injini, labda egemeo lake limekauka grisi, sasa shika injini kwa mikono uisukume kulia kushoto utajua tu. Usukani ukiwa bado mgumu na injini haijaunganishwa, basi ni kebo au lile bomba ambalo ncha ya kebo inapita ndani yake, ambalo pia injini inainukia. Lile bomba ndo jambazi. Grisi ya zamani inaganda mle ndani inakuwa kama lami, inachanganyika na kutu, na boti ikikaa garajini kuanzia Oktoba mpaka Aprili unakuta kebo imeshikana kabisa. Itoe, safisha bomba kwa brashi ya waya ya mviringo, jirani yangu mwindaji alinipa brashi ya kusafishia bunduki ya geji 12 ikaingia kama imetengenezewa pale. Futa, paka grisi ya boti mpya, rudisha. Halafu kama bomba lako lina nipo ya grisi (kile kichuchu cha kuingizia grisi), kabla ya kupiga grisi zungusha usukani mpaka ncha ya kebo irudi yote ndani, maana ukipiga ikiwa imetoka nje grisi inaweza kuifunga kebo isirudi, na hapo huna stelingi.

Kebo yenyewe ikiwa imeoza ndani, hakuna dawa, ni kununua. Urefu wake umechapwa kwenye ganda la plastiki, nyingi tarakimu mbili za mwisho za namba ndo futi. Na hapa kuna njia ya kati watu wanairuka: kuna boksi la usukani la kebo lenye klachi ndani, ukiachia usukani linajifunga, injini haikurudishii mvuto mkononi. Kwa injini ndogo na mtu anayezunguka taratibu na familia mimi ningeishia hapo, bei ni ndogo sana ukilinganisha na haidroliki.

Mimi sikuishia hapo, kwa sababu kebo ilikuwa imekufa na shemeji anapenda kuvuta watoto na tyubu kwa mwendo. Kabla ya kununua angalia farasi wa injini. Dometic, waliochukua kampuni ya stelingi ya SeaStar mwaka 2017, wana seti ya haidroliki inaitwa BayStar ambayo mwisho wake ni farasi 150, juu ya hapo unapanda seti kubwa inayoitwa SeaStar. Usibane pesa hapa. Pia pima nafasi mbele ya injini, maana silinda, kile chuma kinachosukumwa na oili kugeuza injini, inakaa mbele yake na pontuni nyingi zina ngazi au ukuta karibu sana.

Kung'oa sasa. Usukani wa zamani umekaa kwenye shafti iliyochongoka na umeng'ang'ania, usiupige nyundo, tumia puli, kile kifaa cha kung'olea usukani. Vipimo vya shafti vingi ni inchi 3/4 kwa hiyo huenda usukani wako ule ule ukarudi. Tundu la dashibodi mara nyingi halilingani, kuna karatasi ya kukatia ndani ya boksi, bandika, pima mara mbili, ndo uchukue drili.

Kebo usiivute hivi hivi! Inapita chini ya sakafu futi kibao, funga kamba imara kwenye ncha yake, vuta, kamba ibaki chini ndo itakayovutia hosi mbili mpya. Hosi zifunge mdomo kwa plastiki na tepu kabla hazijapita. Mimi moja sikuifunga, ikatokea nyuma imejaa udongo wa nyigu waliojenga kule chini wakati wa kiangazi, nikakaa saa nzima naisafisha na bado nikaogopa nikanunua nyingine.

Silinda inafungwa kwa chuma kinachopita kwenye lile lile bomba, kwa hiyo kama hukulisafisha vizuri utajuta. Nati za kujikaza zenye plastiki ndani usirudie za zamani, na ukazaji fuata kitabu chake kwa spana ya kupimia nguvu. Kwenye maungio ya hosi usizungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba, vipande vinakatika vinaingia kwenye vali za pampu. Tumia gundi ya majimaji ya kuzibia nyuzi za maungio, na maungio yenye ringi ya mpira hayahitaji kitu.

Kutoa upepo kwenye hosi na silinda ni kama kwenye breki za gari, unahitaji mtu wa pili. Oili ni ile ya stelingi ya haidroliki, chupa mbili za robo galoni, weka ya tatu pembeni, na oili ya breki kamwe, inaharibu mipira yote. Chupa inaninginia juu ya pampu kwenye dashibodi, isiishe katikati ya kazi. Zungusha usukani kulia mpaka silinda ifike mwisho upande wa kulia. Fungua nipo ya kutolea upepo iliyo kulia mwa silinda, mwenzako aishike silinda isirudi, wewe zungusha kushoto taratibu mpaka oili itoke bila mapovu, funga nipo huku bado unazungusha. Endelea kushoto mpaka mwisho, fungua ya kushoto, shika, zungusha kulia. Shemeji alikuwa ananiambia "bado inapiga chafya, bado", tukarudia mara tatu. Usukani ukiwa laini kama sponji ujue bado kuna upepo.

Kabla ya kushusha majini inua injini mpaka juu kabisa, pinda kulia mwisho, kushoto mwisho, angalia hosi hazibanwi wala hazikwaruzi popote. Rudia injini ikiwa chini. Baada ya safari ya kwanza angalia tena oili na pitisha kitambaa kwenye maungio.

Na usishangae usukani ukiwa hausimami pale pale boti ikienda moja kwa moja, leo nembo ya katikati ya usukani imesimama wima kesho imelala pembeni. Haidroliki haina katikati ya kudumu kama kebo. Mke wangu alidhani nimefunga vibaya, nikamwambia angalia injini, usiangalie nembo.