Kuuza kahawa ya Moshi kwa hadithi kwenye stetasi na Instagram

"Kahawa bora ya Kilimanjaro, karibuni wateja." Kila muuzaji wa Moshi ameshaiandika, ndiyo maana haisomwi. Anza na swali ambalo mteja analo tayari, lile linalorudi kwenye simu yako kila wiki. Mara nyingi ni hili: "Mbona yako ghali kuliko ya dukani?" Liandike juu ya karatasi. Picha au sentensi isiyosaidia kulijibu, iache.

Kisha tafuta kikwazo. Hapa ndipo video nyingi zinapofia: mibuni imejaa matunda mekundu, mkulima anatabasamu, kikombe kinafuka. Mambo yote shwari, basi mtazamaji hana cha kusubiri. Wakati kahawa yenyewe ina vikwazo tele! Matunda hutakiwa kumenywa siku ileile yalipochumwa, la sivyo huanza kuchacha. Kahawa ya maganda, yaani punje zilizomenywa zikiwa bado na ganda la ndani, hukaa kwenye meza ya kuanikia kama siku 10 hadi 15 mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 11 au 12. Mvua ikija hufunikwa, na jua la saa sita likizidi hufunikwa pia, maana ganda hupasuka. Halafu kilo 5 hadi 6 za matunda hutoa kilo moja tu ya kahawa safi iliyokobolewa, nayo hupungua tena ikikaangwa. Ukivitaja vyote kwa pamoja umetoa somo la kilimo. Chagua kimoja, tuseme mvua.

Kiwe kimetokea kweli. "Uongo njoo, utamu kolea" ni ya bibi jioni. Kwenye biashara, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Na ukiita ya Marangu kahawa iliyotoka kwingine, watu wa Marangu nao wana simu.

Mhoji mkulima kwa dakika 10 huku ukirekodi. "Kahawa ina umuhimu gani kwako?" itakuletea hotuba. Uliza vitendo: "Shikamoo mama. Mvua ilipoanza ulikuwa wapi? Ulikimbilia nini kwanza? Nani alikushika mkono?" Kabla ya kurekodi, mweleze video itawekwa wapi na upate ridhaa yake. Tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hilo si suala la adabu tu.

Video ya sekunde 40 inatosha, simu ikiwa wima. Sekunde 3 za kwanza: wingu zito, mikono inavuta nailoni juu ya meza ya kuanikia. Nembo na salamu zisiwepo hapo. Mpaka sekunde ya 15, sauti ya mkulima inaeleza nini kilitaka kuharibika. Mpaka ya 30, alifanya nini, kamera ikiwa karibu na kahawa yenyewe. Zilizobaki ni za mfuko, uzito, bei na mahali pa kuuchukua. Weka maandishi juu ya picha, kwa kuwa aliye kwenye daladala hutazama bila sauti. Rekodi asubuhi: mchana, jua linalopenya migombani hulijaza uso madoa ya mwanga na kivuli. Simama hatua moja tu kutoka kwa msemaji, kwani majani ya migomba yakipigwa na upepo humeza sauti.

Bei iandike. Mtu amekufuata mpaka sekunde ya mwisho, halafu unamwambia "bei njoo inboksi"? Hiyo ni tabia mbaya kuliko picha yenye giza.

Instagram hukata maelezo baada ya mstari mmoja au miwili, kwa hiyo mvua iwe kwenye mstari wa kwanza na simu ya oda mwishoni. Stetasi ya WhatsApp huishi saa 24, na huonwa na waliosevu namba yako ambao nawe umewasevu. Kila anayenunua mwombe aisevu, nawe usevu yake papo hapo. Hadithi ndefu igawe vipande vitatu, kisha linganisha watazamaji wa kila kipande. Walioficha alama za kusoma hawatahesabika, lakini mwelekeo utauona. Cha kwanza kikipata watu 120 na cha pili 50, kasoro iko kwenye kipande cha kwanza: hakikuacha swali wazi. Kirekodi upya hicho kabla hujagusa vingine. Wakifika wote cha tatu na hakuna anayeagiza, kagua bei, uzito na mahali pa kuchukulia, kimojawapo hakisomeki.