Uzito wa slabu kabla ya kupandisha ukuta wa juu
Unapopanga nyumba ya ghorofa moja, anza hesabu kwenye slabu, yaani sakafu ya zege inayobeba ghorofa ya juu, kwa kuwa zege lenye nondo lina uzito wa takriban kilo 2,500 kwa mita ya ujazo, na hivyo slabu ya unene wa sentimita 15 ina kilo 375 kwa kila mita ya mraba kabla hata kitanda hakijapandishwa. Ukuta wa tofali za saruji ukisimamishwa katikati ya slabu bila boriti chini yake, jambo ambalo wenye nyumba hulipenda mno wanapobadilisha vyumba baada ya ramani kupitishwa, huielemea mahali ambapo nondo hazikukadiriwa kuubeba. Tanki la maji la lita 2,000 likijaa ni tani mbili; mwonyeshe mhandisi mapema litakapokaa.