Kuiandaa Eclipse itumie plagini ya kupima utendaji wa programu za Java

Wanaojifunza kuandika programu hapa Mwanza wanaipenda Eclipse, programu ya kuandikia na kuendeshea msimbo, kwa sababu haina malipo na, ikishasakinishwa, haihitaji intaneti ili ifanye kazi. Chukulia kwamba umeandika programu ya kurekodi magunia ya dagaa yanayopimwa mwaloni Kirumba: asubuhi inakwenda vizuri, lakini kadiri rekodi zinavyoongezeka ndivyo inavyozidi kuwa nzito. Plagini (kiongezeo cha Eclipse) ya kupima utendaji ingekuonyesha kumbukumbu inaishia wapi na ni methodi gani, yaani sehemu ipi ya msimbo, inayokula muda. Tatizo ni kwamba mara nyingi plagini husakinishwa bila kikwazo chochote, kisha orodha yake ya programu zinazoendeshwa ikabaki tupu.

Jambo la kulielewa kabla ya kugusa chochote ni kwamba Java mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja: moja inaiendesha Eclipse yenyewe, na nyingine inaiendesha programu unayoiandika. Ukurasa wa Installed JREs kwenye mipangilio ya Eclipse, ambako wengi hukimbilia, unahusu hiyo ya pili tu. Plagini inaishi ndani ya ile ya kwanza, na hiyo ndiyo inayopaswa kuwa na uwezo wa kujiunganisha na programu nyingine za Java. Katika Java 8 na zilizotangulia, uwezo huo ulikuwa ndani ya faili la tools.jar, lililokuja na JDK (Java ya kutengenezea programu) lakini si JRE (Java ya kuendeshea programu tu). Tangu Java 9, iliyotoka mwaka 2017, faili hilo liliondolewa na kazi yake ikahamia kwenye moduli ya jdk.attach. Kwa hiyo plagini ya zamani inayotafuta tools.jar haitalipata kwenye JDK mpya hata ukiisakinisha upya mara kumi. Soma kwanza plagini yako inadai toleo gani, na Eclipse yako pia inadai lipi (ile ya 2022-09 haikubali Java iliyo chini ya 17), ndipo utumie bando lako kupakua JDK.

Ili kujua Eclipse inaendeshwa na Java ipi, fungua Help, kisha About Eclipse IDE, Installation Details, na mwisho Configuration. Tafuta mstari wa java.home. Ukifungua folda iliyotajwa hapo na usikute javac (kikusanyaji msimbo cha Java) ndani ya bin, huenda hiyo si JDK kamili.

Sasa funga Eclipse, weka nakala ya eclipse.ini, faili la mipangilio ya kuiwasha Eclipse, mahali salama, kisha ulifungue na kuandika hivi, ukibadilisha njia ya folda ilingane na kompyuta yako:

-vm
C:/Java/jdk-17/bin/javaw.exe
-vmargs
-Xmx1024m

Neno -vm lazima likae kwenye mstari wake na njia kwenye mstari unaofuata, na yote mawili yawe juu ya -vmargs, kwa sababu kila kilicho chini ya -vmargs hukabidhiwa Java moja kwa moja. Matoleo mapya ya Eclipse huja na Java yake, na huenda ukakuta -vm tayari imeandikwa. Badilisha njia iliyopo, usiongeze -vm ya pili. Kwa laptopu yenye kumbukumbu ya GB 4, ningebaki na -Xmx1024m, ambayo ni kikomo cha kumbukumbu ya Eclipse, maana programu unayoipima nayo inahitaji nafasi.

Washa Eclipse, hakikisha java.home imebadilika, kisha endesha programu yako. Orodha ikiwa bado tupu, andika jps -l, amri inayoorodhesha programu za Java zinazoendeshwa, kwenye terminali. Programu iliyoanzishwa na mtumiaji mwingine wa kompyuta, kwa mfano kwa sudo, kwa kawaida haitaonekana kwako; vivyo hivyo iliyowashwa kwa -XX:-UsePerfData, kwa kuwa Java haitaandika lile faili dogo la hsperfdata ambalo plagini hulisoma kwenye folda ya muda. Kwenye Java 21 unaweza kuona onyo kuhusu ajenti (msimbo ambao kifaa cha kupima huuingiza ndani ya programu) iliyopakiwa wakati programu inaendelea. -XX:+EnableDynamicAgentLoading, ikiwekwa kwenye programu inayopimwa, huliondoa.

Programu ikishaonekana, iache ipokee rekodi kwa muda huku ukiutazama mstari wa kumbukumbu kwenye grafu ya plagini. Utapanda, kisha utashuka Java inapofagia vitu visivyotumika tena, kama meno ya msumeno. Ikiwa kila unaposhuka unaishia juu kuliko mara iliyopita, tafuta ndani ya msimbo orodha ambayo bado inashikilia magunia yaliyokwisha kuuzwa.