Kupiga sini (tukio la filamu) ya ajali ya vijana bila kuumiza mtu

Filamu ya wanafunzi waliokufa kwenye bodaboda haihitaji pikipiki inayogonga. Kinachomchoma mtazamaji ni alichokiona kabla na kilichobaki baadaye.

Usipige kwenye lami ya TANZAM, barabara kuu iendayo Zambia kupitia Tunduma. Malori ya Tunduma hayasubiri mtu. Tafuta barabara ya vumbi nje ya Uyole (Mbeya) au Ilula (Iringa). Kibali cha Bodi ya Filamu kiwe mkononi, polisi na mwenyekiti wa kijiji wawe na taarifa. Mpita njia asiyejua akiona damu atapiga simu nyumbani kwa mwigizaji, na mama wa watu ataangua kilio cha kweli.

Ajali ijenge kwa shoti fupi tano: mkono ukikaza breki, mwanga wa lori usoni, giza, tenga la parachichi likimwagika, kiatu kimoja cha shule. Pikipiki izimwe na ilazwe kwa mikono, tairi la nyuma lizungushwe na mtu aliye nje ya picha. Kishindo kirekodi peke yake: bati kuukuu likiangushwa juu ya mawe.

Damu: vikombe viwili vya shira nzito iliyopoa, kijiko cha chai cha rangi nyekundu ya chakula, nusu kijiko cha kakao. Ukiacha kakao, kwenye kamera itang'aa kama soda. Andaa mashati matatu kwa kila mwigizaji, maana rangi haitoki, na wanawishe mapema. Sukari huita nyuki.

Juni na Julai baridi hula chaji, hivyo betri za akiba zikae mfukoni mwa ndani. Sini za wodini chini ya taa za tyubu piga fremu 25 kwa sekunde, shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50. Vinginevyo picha itapepesa.

Msibani ndipo wengi huharibu. Jeneza tupu hujulikana mara moja: wabebaji wanatembea wepesi, mabega hayainami. Weka viroba viwili vya mchanga, kilo 25 kila kimoja, uvifunge na blanketi visiteleze. Usimlaze kijana humo hata kama amekubali. Wazazi wengi hawatavumilia, na wana haki. Aliye chini ya miaka 18 aje na mzazi aliyesaini ridhaa baada ya kusomewa sini nzima. Asidanganywe kwamba kuna aliyekufa kwao ili machozi yatoke. Mpe muda, punguza watu kwenye seti, na akishindwa kulia mpige picha kutoka mgongoni.